Fuko Katika Ukoka wa Bwana Shamba

Mjini Bariadi, ukimwambia dereva wa bodaboda akupeleke kwa Mwalimu Valeria, hakuulizi mtaa. Anakuuliza tu, "Kwenye majani?" Ukiitika, anawasha pikipiki. Mji wenyewe umekuwa makao makuu ya mkoa juzijuzi. Viwanja vingi bado ni vumbi na matofali, na mwenye kipande kilichobaki hupanda mahindi mpaka ukingoni mwa barabara. Kwa Valeria halijawahi kuota shina moja la muhindi. Kuna ukoka mtupu, kuanzia geti la mbele mpaka barazani, umelala kama jamvi lililotandikwa leo asubuhi.

Ukoka huo aliupanda mumewe, marehemu Athanasi, bwana shamba. Aliagiza malori mawili ya udongo wa kichanga kutoka mtoni ili mizizi ipumue, akapanda kipande kwa kipande, akapiga magoti miezi mitatu. Majirani walimcheka: mtu mzima anapanda majani yasiyoliwa hata na ng'ombe! Lakini ulipokolea walianza kuomba kupigia picha za harusi pale, na Valeria akawa anakubali au kukataa kulingana na adabu ya mwombaji.

Valeria alikuwa binti wa mwalimu mkuu. Alisoma kwa masista, akafundisha jiografia miaka thelathini na minne, na hakuwahi kuonekana nje ya geti lake akiwa na kanga kiunoni. Baba yake alikuwa akisema kwamba jina jema hufuliwa kila siku, si siku ya sikukuu peke yake, na Valeria alilifua jina lake hivyo hivyo. Nyumbani kwake watu walikula mezani, kwa sahani, wamekaa. Athanasi, aliyekulia machungani katika kijiji cha Sola, alijifunza kisu na uma ndani ya mwezi mmoja wa ndoa. Mara moja tu, mwaka wa pili, alirudi kutoka kijijini na mfuko wa kumbikumbi waliokaangwa. Valeria alimpokea mlangoni.

"Hao wanaingia wapi?"

"Ni kumbikumbi tu, mke wangu. Onja."

"Wajukuu wa mwalimu mkuu hawatalelewa kwa wadudu."

Athanasi akageuka na mfuko wake, akaenda kuugawa barabarani. Hakuleta tena kitu cha porini. Valeria alihesabu jambo hilo kuwa limekwisha.

Sifa kubwa ya Athanasi ilitokana na fuko. Mwaka fulani, watoto wao wakiwa bado shule ya msingi, fuko waliivamia Sola. Viazi vitamu vilikuwa vikionekana vizuri juu, majani mabichi kabisa, lakini ukichimba unakuta tundu tupu. Mihogo iliangushwa kwa kutafunwa chini. Athanasi ndiye aliyekuwa bwana shamba wa huko, na katika msimu mmoja fuko walikwisha. Alipewa cheti, kikatiwa fremu, kikatundikwa sebuleni juu ya redio. Tangu hapo, awe harusini au msibani, alikuwa hakosi mtu wa kumuuliza: "Bwana shamba, hebu tuambie, ile dawa yako ya fuko ni nini?"

Athanasi alikuwa akijikuna kisogo na kutabasamu. "Fuko anataka kueleweka," alisema, kisha akahamia kwenye habari za pamba.

Valeria mwenyewe hakuijua dawa hiyo. Hakuona kwamba ni lazima aijue. Mke wa daktari hajui vidonge vyote vya hospitali. Alijua tu kwamba katika ukoka wao, miaka yote, hakuonekana fuko hata mmoja, na kila mgeni aliambiwa hivyo kabla chai haijapoa.

Athanasi alipofariki alizikwa hapo hapo kiwanjani, upande wa mashariki wa ukoka. Mwaka ulipokaribia kutimia, Valeria aliagiza jiwe la marumaru kutoka Mwanza na maneno akayatunga mwenyewe, akayaandika mara sita kabla ya kuridhika: *Athanasi, bwana shamba aliyeiondolea Sola fuko. Apumzike kwa amani.* Misa ya kumbukumbu na kubariki kaburi ilipangwa Jumamosi. Padri Deogratias alikubali kuja. Wazee wa Sola walikodi basi dogo. Ofisi ya kilimo ilisema italeta watu wake.

Jumatatu ya wiki hiyo, asubuhi, Valeria alitoka barazani na kikombe chake cha chai, akaona rundo la udongo katikati ya ukoka.

Lilikuwa dogo, mviringo, udongo mbichi umechekechwa kama unga. Alidhani mtu amemwaga kitu. Akachukua koleo na ufagio, akalizoa, akapiga mahali pale kwa kiganja mpaka pakawa sawa. Jumanne yalikuwa manne, yamepangana kwa mstari kuelekea mashariki. Jumatano asubuhi la mwisho lilikuwa limeegemea kaburi la Athanasi, chini kabisa ya jiwe lililoandikwa neno fuko.

Valeria alisimama pale mpaka chai ikapoa. Alilisoma jiwe, akaangalia udongo, akalisoma tena. Hakuelewa. Kama dawa ya Athanasi ilikuwa ya kuwekwa ardhini, imekwisha nguvu lini? Kama ilikuwa ya kunyunyizwa, aliinyunyiza saa ngapi, na yeye alikuwa wapi? Alipekua makabati ya stoo, akakuta dawa za pamba zilizopitwa na wakati, bomba la kupulizia na mbegu za mchicha. Dawa ya fuko haikuwepo.

"Mama!" Jirani yake, Danford, ofisa wa serikali aliyehamishwa kutoka Mbeya, alikuwa ameegemea ukuta akipiga mswaki. "Hao si fuko hao? Mimi nilisikia kwenu hawaingii."

"Shikamoo kwanza, Danford."

"Shikamoo, mama. Samahani. Ila ni fuko."

"Nimeona."

"Na Jumamosi ndiyo shughuli! Wazee wa Sola wakikuta hivi..." Akatema povu upande wake wa ukuta. "Kwetu Mbeya tunawajaza maji. Leta mpira wa bomba, dakika kumi tu, mtu anatoka mwenyewe na taulo."

Valeria hakupenda utani huo, lakini mpira wa bomba aliuleta. Danford akaruka ukuta, wakafukua tundu moja, wakaingiza mpira na kufungua maji. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Ardhi ilikunywa kama ng'ombe aliyetoka safari ya mbali. Fuko hakutoka. Mara Valeria akasikia sauti ya kububujika, akageuka, akaona maji yanachuruzika chini ya msingi wa kaburi.

"Funga! Danford, funga maji! Unamzamisha mume wangu!"

Saruji ya pembeni ilikuwa imepata ufa mwembamba kama unywele. Danford alirudi kwake kwa kupitia getini, kwa adabu zote.

Binti yake, Nancy, alipiga simu mchana kutoka Dodoma kuuliza kama maturubai yamefika.

"Maturubai hayana shida. Kuna fuko."

"Muwekee sumu, mama."

"Juu ya baba yako?"

"Juu ya fuko, mama!"

"Fuko yuko juu ya baba yako, Nancy."

Upande wa pili kulisikika kitu kilichofanana sana na mtu anayezuia kicheko. Valeria akakata simu.

Alasiri alifika wifi yake, Yusta, dada mkubwa wa Athanasi, kutoka Sola, na gunia la viazi na vicheko vyake. Yusta hakusoma zaidi ya darasa la nne na hakuona kuwa amekosa kitu. Alipoyaona marundo alishika kiuno.

"Lo! Wifi! Fuko wa Sola wametangulia msibani kabla ya basi letu!"

"Dada Yusta, sitaki mzaha. Watu wanakuja. Athanasi alitumia dawa gani?"

"Dawa?" Yusta akamtazama. "Si umwite Ng'washi."

"Ng'washi ni nani?"

Yusta akamwangalia wifi yake kama mtu anayejaribu kujua anataniwa au la. "Ng'washi wa Sola. Yuko hapa hapa Bariadi siku hizi, analinda ghala la pamba. Ina maana humjui Ng'washi?"

"Ningemjua vipi? Alifanya kazi kilimo?"

"Haya, wifi," alisema Yusta, akakaa chini na kuanza kumenya viazi kwa bidii ambayo viazi havikuihitaji. Valeria alimwuliza mara mbili zaidi. Alijibiwa habari za mvua.

Alhamisi asubuhi, Valeria akiwa jikoni, alisikia geti dogo la nyuma likifunguliwa. Geti hilo lilikuwa na komeo la ndani ambalo mgeni hulivuta kwa kupitisha mkono kwenye tundu la ukuta, na tundu hilo limefunikwa na mmea. Nyumba nzima ni watu watatu tu waliolijua. Alitoka haraka. Mzee mwembamba, mwenye koti la ulinzi na fimbo kadhaa kwapani, alikuwa ameinama anamkuna mbwa masikio. Mbwa huyo aliitwa Kamanda. Alikuwa amemng'ata mtu wa maji, mtu wa umeme na katekista. Sasa alikuwa amelala chali.

"Mwangaluka, shemeji," alisema mzee, akiamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," alijibu Valeria, kwa sababu salamu haikataliwi. "Ila ushemeji wetu umeanzia wapi?"

Mzee akavua kofia, akamwita mama kwa Kisukuma. "Nisamehe, mayo. Mimi Ng'washi. Yusta ameniita."

"Na geti langu umelifunguaje?"

Ng'washi aliliangalia geti, kisha mkono wake, kana kwamba mkono ndio ulioulizwa. "Limejifungua," alisema.

Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba lililojificha nyuma ya tangi, akanawa, akapita kona ya jiko bila kuonyeshwa njia na kutokea kwenye ukoka. Valeria alimfuata akiwa na mambo kumi kichwani yasiyokubaliana. Huyu ni mwizi? Mwizi haji saa mbili asubuhi akatoa salamu. Ni mganga? Mawazo hayo yalimshtua zaidi. Athanasi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa. Kama alikuwa anamwingiza mganga kwa geti la nyuma, basi heri fuko elfu kuliko habari hiyo.

Lakini Ng'washi hakutoa tunguri wala kusema maneno ya ajabu. Alipiga magoti, akaminyaminya ardhi kwa vidole kati ya rundo na rundo, akasikiliza, akachimba kwa kisu mpaka akaifikia njia ya fuko, laini na mviringo kama ndani ya bomba. Akaiacha wazi. Akachomeka fimbo mbichi, akaikunja kama upinde, akafunga kitanzi cha waya ndani ya tundu na kukizuia kwa uzi mwembamba.

"Hakuna dawa?" aliuliza Valeria.

"Dawa ya nini?"

"Wako wangapi huko chini?"

"Mmoja."

"Mmoja? Baba, hesabu marundo!"

"Mmoja tu, mayo. Fuko haishi na mwenzake. Nyumba yote hiyo ni ya kwake peke yake. Na kitu asichokiweza ni tundu lililo wazi. Akihisi upepo au mwanga umeingia, hali, halali, mpaka aje alizibe. Wewe unamfungulia tu, anakuja mwenyewe. Akisukuma udongo wa kuziba, anakata uzi, fimbo inaruka." Akasimama, magoti yakalia. "Watu wakitembeatembea hatoki, anasikia nyayo. Wakitulia, anatoka. Usiguse kitu. Nitapita kesho."

Akaondoka kwa geti la nyuma, Kamanda akimsindikiza.

Jioni Valeria alitazama ukoka wake. Pamoja na marundo, sasa kulikuwa na mashimo matatu yaliyoachama kama midomo ya watoto wanaolia, na fimbo zimepinda juu yake. Mbili zilikuwa karibu na kaburi. Siku moja tu ilikuwa imebaki. Alijaribu kukaa ndani. Alijaribu kusoma somo la Jumamosi. Aliona picha moja tu: magari ya ofisi ya kilimo yanaingia, na kitu cha kwanza wanachokiona ni shimo. Kukiwa bado na mwanga wa kutosha kuona uzi wa sindano, alitoka na koleo, akaziondoa fimbo mbili za karibu na kaburi, akayafukia mashimo, akayapigapiga kwa kiganja na kuyanyunyizia maji. La tatu, lililokuwa mbali kidogo, alilifunika kwa kigae na udongo juu yake. Akajisikia nafuu kama mtu aliyefunga kifungo kilichokuwa kimeachia.

Ijumaa Ng'washi alikuta hivyo. Karibu na jiwe palikuwa na rundo jipya, kubwa kuliko yote.

Hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akaziangalia fimbo zake zilizopangwa vizuri ukutani, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Shemeji," alisema, na safari hii hakujirekebisha, "umemfanyia fuko kazi yake yote. Usiku wa leo hakuziba hata tundu moja, amejenga tu."

"Sikuweza kuacha ukoka wa mume wangu wazi namna ile."

"Na yeye siku ya kwanza alifukia hivyo hivyo. Aliogopa ungeona."

Valeria alikuwa amesimama. Akakaa.

"Nani aliogopa?"

Ng'washi aliacha kucheka. Aliangalia geti la nyuma kama mtu anayepima umbali wake.

"Mzee Ng'washi," alisema Valeria kwa sauti aliyoitumia darasani, "mbwa wangu anakujua. Bomba langu unalijua. Komeo langu unalijua. Kesho namwekea mume wangu jiwe mbele ya padri na watu wa serikali, na mimi ndiye peke yangu nisiyejua kitu nyumbani kwangu. Sema."

Mzee akasema, polepole, huku akichezea waya. Yeye na Atanasi, kama alivyomwita, walichunga ng'ombe pamoja Sola. Walitega fuko tangu hawajaota meno ya pili. Atanasi akaenda shule, yeye akabaki. Fuko walipoivamia Sola, bwana shamba alikuja na pampu na madawa, hayakusaidia, akamtafuta mwenzake. Ng'washi akakusanya wategaji wote wa vijiji vya jirani, wakatega kuanzia palizi mpaka mavuno. "Mimi nikitega, yeye akiandika. Kila mtu na kazi yake. Hakuniibia kitu, mayo. Alitaka kuniita siku ya cheti, mimi nikakataa. Ningevaa nini?"

"Na hapa?"

"Hapa ni udongo wa mtoni, laini. Fuko anaupenda. Kila waliponusa, Atanasi aliniambia. Nilikuwa nikitoka lindo Jumapili asubuhi napitia huku. Wewe ukiwa misa ya kwanza."

Misa ya kwanza. Athanasi siku zote alikwenda ya pili. Alisema ukoka unahitaji maji kabla jua halijapanda, na Valeria alikuwa amewaeleza wanajumuiya jambo hilo kama mfano wa mume mwenye bidii. Akili yake ilizunguka, ikarudi, ikazunguka tena. Halafu ikagonga kitu kidogo: kopo la chumvi. Miaka yote, kila Jumapili akirudi kanisani, alilikuta kopo la chumvi halipo mahali pake. Lilikuwa kwenye ukuta mfupi nyuma ya jiko la kuni. Alikuwa amewafukuza wasichana wawili wa kazi kwa uzembe huo.

"Hao fuko," aliuliza taratibu, "mlikuwa mnawapeleka wapi?"

Ng'washi akaangalia vidole vya miguu yake. "Shemeji, chumvi ilikuwa ya kwako."

"Athanasi *alikula*?"

"Fuko aliyechomwa kwenye majivu ni mtamu kuliko sungura."

"Kwa nini?"

"Kwa mikono," alisema Ng'washi, akiwa hakuelewa swali.

Valeria aliingia ndani. Alisimama sebuleni mbele ya cheti, akakitazama mpaka maandishi yakaacha kuwa maneno. Miaka thelathini na minane alimwona yule mtu akikata nyama kwa kisu na uma, na nyuma ya ukuta wa jiko lake mwenyewe kulikuwa na mtu mwingine, amechuchumaa, vidole vina mafuta, anacheka na mwenzake wa machungani. Yupi alikuwa mume wake? Kama ni huyu wa nyuma, yule wa mezani alikuwa nani? Na jiwe lile linasema habari za nani? Alitaka kukasirika, lakini hasira haikupata pa kukaa. Kila ilipokaa, ilikuta aibu imetangulia, na aibu hiyo haikuwa ya Athanasi. *Aliogopa ungeona.* Mtu mzima, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa na kopo la chumvi mkononi, anamwogopa mke wake.

Alipotoka nje, Ng'washi alikuwa anafungasha.

"Ukitega sasa hivi, atanasa kabla ya kesho?"

"Maturubai yanakuja leo. Vyuma, nyundo, watu. Hatatoka mpaka watulie."

"Tega."

"Mayo, mashimo yatakuwa wazi mbele ya wageni."

Mkono wa Valeria ulisogea wenyewe, kama unatafuta koleo. Akauweka mfukoni.

"Nimesema tega. Na kesho uje. Kwa geti la mbele."

Jumamosi wageni walijaa. Watu wa ofisi ya kilimo walikaa viti vya mbele, wazee wa Sola nyuma yao, Nancy pembeni ya mama yake. Kila aliyeingia aliyaona marundo, na kila aliyeyaona aliliangalia jiwe. Valeria aliwaona wakigusana viwiko. Alimsikia mzee mmoja wa mjini akinong'ona, "Dawa imekwenda naye," na mwingine akajibu, "Au haikuwepo." Danford alikuwa akitazama juu kana kwamba turubai lina maandishi. Shimo moja, lenye fimbo yake iliyopinda, lilikuwa hatua nne kutoka miguuni pa padri. Nancy aliinama.

"Mama, hiki ni nini? Niite mtu akifukie?"

"Kiache."

"Mama, watu wanaangalia!"

"Kiache, Nancy."

Padri Deogratias alinyunyiza maji ya baraka juu ya jiwe, akalisoma kwa sauti. Alipofika kwenye neno fuko, kuna mtu alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Kisha padri akaomba wote wasimame kimya, wamkumbuke marehemu mioyoni mwao.

Kimya kilikuwa kirefu. Hata watoto walinyamaza. Valeria alifumba macho na kujaribu kumkumbuka Athanasi, lakini walikuja wawili, mmoja na uma, mmoja na vidole, na hakujua amwombee yupi.

Fyuu!

Fimbo iliruka juu kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Na kwenye ncha ya waya, mbele ya padri, mbele ya ofisi ya kilimo, alining'inia fuko mmoja mnene, rangi ya majivu, meno yote nje.

Padri alirudi nyuma hatua mbili. Mama mmoja alipiga yowe. Halafu Yusta akapiga kigelegele, wanawake wa Sola wakakipokea, na chini ya maturubai kukawa vurugu tupu. Ofisa wa kilimo, kijana aliyesoma, alisimama anacheka mpaka anafuta machozi.

"Mama, kumbe dawa ya mzee ipo! Miaka yote alitunyima. Tuambie leo, dawa yenyewe ni nini?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Valeria aliona nafasi ya kulifunga jambo lile vizuri, lisipitishe hata upepo. Angesema ni siri ya marehemu. Wangempigia makofi. Nancy alikuwa amemshika mkono, anausubiri uongo huo kwa matumaini. Nyuma kabisa, karibu na geti la mbele, Ng'washi alikuwa amesimama na koti lake la ulinzi, akijifanya anatazama barabara.

"Dawa yake ni yule pale," alisema Valeria, akanyoosha kidole. "Anaitwa Ng'washi. Sola alitega yeye na wenzake, mume wangu akaandika. Na majani haya mnayoyasifia yalilindwa na yeye. Mimi nimejua jana." Akamgeukia jirani yake. "Danford, mpishe mzee kiti."

Wazee wa Sola walipiga makofi ya polepole, ya watu waliokuwa wakijua siku zote na wamechoka kusubiri. Ng'washi aliletwa mbele huku anapinga. Alipokaa, aliinama kwa Valeria akanong'ona, "Na ile habari nyingine, shemeji?"

"Ipi?" alisema Valeria akitazama mbele. "Mimi sijasikia habari nyingine."

Jiwe lilibaki na maneno yake. Wengine walimshauri aliandike upya. Alisema halisemi uongo, ila halijamaliza. Baada ya wiki mbili rundo jingine likatokea karibu na baraza. Jumapili iliyofuata Valeria aliamka mapema, akavaa gauni lake la kanisani, akachukua rozari. Alipofika mlangoni akarudi. Alilichukua kopo la chumvi kabatini, akapita nalo uani, akaliweka juu ya ukuta mfupi nyuma ya jiko la kuni. Akalitazama. Akaongeza sahani moja. Akafikiri, akaiondoa sahani.

Kisha akaenda misa ya kwanza, na geti la nyuma akaliacha bila komeo.